Kabla ya Kupanda Mgeta: Breki za Tela na Moto wa Kuotea

Miezi ya Juni na Julai ina mambo yake. Shule hufungwa, wafanyakazi wengi huomba likizo zao, na jamaa wa mijini hukumbuka kwamba wana wazee vijijini. Kwa wale ambao asili yao ni milima ya Uluguru, na hasa Mgeta, huo ndio wakati wa kupanda mlima kwenda kuwajulia hali wazazi, kuhudhuria harusi, kumalizia ujenzi wa nyumba ya mama, na kurudi mjini na kabichi, karoti, njegere na viazi. Mwenye gari huwapakia jamaa zake. Mwenye gari na tela huongeza mabati, saruji, magodoro na makochi ambayo mjini yamekwisha kupata warithi.

Lakini miezi hiyo ndiyo pia miezi ya baridi kuu huko juu. Mtoto aliyezaliwa Temeke au Manzese, ambaye hajapata kulala na shuka zaidi ya moja, hufika Nyandira jua likiwa limekuchwa na kuanza kutetemeka meno. Hapo mwenyeji huwasha jiko la mkaa, akaliingiza chumbani kwa upendo mkubwa, na mlango ukafungwa.

Leo basi ukurasa huu utazungumzia mambo mawili ya safari hiyo, nayo ni breki za gari na tela lake, na moto wa kuotea usiku. Huenda msomaji akajiuliza yanahusianaje. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na jiko hugeuza mkaa kuwa joto. Katika yote mawili, mauti hayaletwi na ukali wa moto. Huletwa na jambo moja rahisi, nalo ni kwamba kile kinachozaliwa na moto huo hakikupewa njia ya kutoka. Mwenye kulishika hilo ameshika nusu ya usalama wa safari yake.

MLIMA NA MZIGO

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kiasi cha kilomita 190 za barabara kuu. Anayekwenda Mgeta huendelea mbele kwa barabara ya Iringa, akaiacha penye njia panda ya Sangasanga, akapita Mlali, kisha akaanza kupanda. Mji wa Morogoro uko kiasi cha mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nyandira iko juu ya mita 1,500. Maana yake ni kwamba atakayeshuka kutoka sokoni Nyandira hadi tambarare ya Mlali atateremka kiasi cha mita 1,000 katika mwendo mfupi, kwa barabara ya mlimani yenye kona nyingi, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari na tela lake ambavyo pamoja na abiria na mzigo vina uzito wa tani tatu. Vikiteremka mita 1,000 bila kuongeza kasi, nguvu yote ya mteremko huo hapana budi iishie mahali. Kama dereva anategemea breki peke yake, karibu nguvu yote hugeuka joto ndani ya magurudumu. Joto hilo latosha kuchemsha kiasi cha lita 90 za maji ya kawaida, yaani zaidi ya madebe manne. Sasa fikiri kwamba madebe manne ya maji yanachemshwa juu ya vyuma vichache vinavyoweza kubebwa na mtu mmoja. Ndiyo sababu gurudumu la gari lililoshuka mlima vibaya hutoa moshi.

Na mzigo wenyewe mara nyingi si ule tunaoudhani. Mtu husema, “Nimepakia magunia manane tu ya viazi.” Gunia la kilo 100, ambacho ndicho kipimo cha juu kinachoruhusiwa kisheria, likizidishwa kwa manane ni kilo 800. Lakini kama magunia hayo ni ya lumbesa, yale yaliyovikwa kilemba, hakuna ajuaye uzito wake hasa. Lumbesa tumezoea kuilaumu kwa kumpunja mkulima, na hiyo ni haki. Lakini ikumbukwe pia kwamba lumbesa humdanganya dereva juu ya uzito wa mzigo wake, na ukweli huja kuonekana kwenye kona ya tatu ya mteremko.

TELA LENYE BREKI NA TELA LISILO NAZO

Matela madogo mengi yanayotengenezwa katika karakana zetu za mitaani hayana breki kabisa. Fundi huchomelea fremu, akaweka ekseli, magurudumu mawili na kiungo cha kuvutia, kazi ikaisha. Kwa mzigo mwepesi katika njia za tambarare huenda lisiwe jambo kubwa. Katika nchi za Ulaya tela lisilo na breki huruhusiwa, lakini ni lile tu ambalo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi kilo 750. Likizidi hapo, hapana budi liwe na breki zake lenyewe. Linganisha kipimo hicho na yale magunia manane ya viazi, bila hata kuhesabu uzito wa tela, nawe utaona tulipo.

Tela lisilo na breki huisukuma gari kutoka nyuma. Katika barabara iliyonyooka dereva huhisi msukumo huo kama uzito tu. Katika kona ya mteremko, tela hutaka kwenda moja kwa moja wakati gari linapinda. Hapo ndipo mkia wa gari husukumwa pembeni na vyote viwili hujikunja kama kisu cha kukunja.

Matela yenye breki ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ya breki za kusukumwa. Kiungo cha mbele cha tela hizo huweza kuteleza kidogo. Gari linapopunguza mwendo, tela husogea mbele, na msukumo huo huvuta waya unaokaza breki za magurudumu yake. Ni mtambo mzuri, usiohitaji umeme wala upepo. Lakini una udhaifu mmoja ambao mtu wa Mgeta yampasa aujue, nao ni kwamba katika mteremko mrefu tela husukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake hukaa zimekazwa wakati wote. Tela la namna hiyo lazima lipumzishwe njiani, hata kama gari lenyewe halijachoka.

Ya pili ni ya breki za umeme. Ndani ya gurudumu mna sumaku inayopata nguvu kutoka gari la mbele, kwa kipimo kinachowekwa na kisanduku kidogo kilicho karibu na dereva. Kisanduku hicho hupangwa kufuatana na mzigo, na tela tupu halitaki kipimo kimoja na tela lililojaa. Uache tela tupu na kipimo cha mzigo mzito, magurudumu yatagoma kuzunguka na tela litaserereka. Ukifanya kinyume chake, mzigo mzito utakuwa kama hauna breki.

Ya tatu ni ya breki za upepo, zilizo katika malori makubwa na matela yake, ambayo hushusha mboga kwenda masoko ya Dar es Salaam. Hizo adui yake ni kukanyagwa-kanyagwa. Kila dereva akanyagapo huutumia upepo uliohifadhiwa katika matangi, na akikanyaga upesi kuliko pampu inavyojaza, mshale wa kipimo hushuka mpaka breki zikajikaza zenyewe au zikakosa nguvu. Maji yanayojikusanya ndani ya matangi yapasa kumwagwa kila siku, na lori lisiondoke kabla mshale haujafika mahali pake.

KAZI YA GEREJI

Kazi ya kutengeneza breki hufanyika mjini, kabla ya safari. Mpeleke fundi gari na tela pamoja, umwombe ayatazame haya yafuatayo.

Kwanza, vitambaa vya breki vilivyo ndani ya dramu, ile bakuli ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Vikiwa vimekwisha, vimepasuka, au vimelowa grisi iliyovuja kutoka kwenye beringi, vibadilishwe vya magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Kubadili upande mmoja ni kulifanya tela livute upande mmoja kila breki inapokanyagwa.

Pili, marekebisho. Gurudumu la tela huinuliwa kwa jeki, tela likiwa limewekwa kabari. Fundi hukaza breki kidogo kidogo huku akilizungusha gurudumu kwa mkono, mpaka ligome; kisha hulegeza mpaka lizunguke tena kwa uhuru, likikwaruza kwa mbali sana. Breki iliyolegezwa mno huchelewa kushika, na iliyokazwa mno huungua hata njia ikiwa tambarare. Baada ya kilomita za mwanzo, simama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lile lenye joto kuliko mwenzake limekazwa kupita kiasi, au beringi yake inalalamika.

Tatu, mafuta ya breki. Hapa wenye magari wengi hukosea kwa kudhani kwamba maadamu chombo chake kimejaa, mambo ni mazuri. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika nchi yetu yenye masika na mji wenye joto la pwani, hunyonya upesi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakisha kunyonya maji, kiwango chake cha chini huwa nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na hushuka hadi nyuzi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukandamizika ambapo mafuta hayakandamiziki. Ndipo dereva hukanyaga na pedeli ikazama mpaka sakafuni pasipo kitu kutokea. Breki hizo hizo, zikisha kupoa, hushika tena kana kwamba hazijawahi kukosea; na ndiyo maana baada ya ajali hiyo fundi huenda asione kosa lolote. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili.

Nne, kiungo cha kuvutia, mnyororo wa usalama na taa za breki. Mnyororo ufungwe kwenye gari, wala usizungushwe juu ya kiungo kwa ajili ya urembo. Kama tela lina waya wa kukaza breki linapochomoka, waya huo ufungwe mahali imara.

Tano, upakiaji. Nusu ya mzigo na zaidi kidogo iwe mbele ya ekseli. Tela lililolemewa nyuma huinua mkia wa gari na huyumba kama mlevi. Na watu wasipakiwe ndani ya tela hata kidogo, wala kwa safari fupi, wala kwa sababu kwamba ni vijana wenye nguvu.

Mwisho, kabla ya kuondoka, lijaribu gari na tela lililojaa mahali pa wazi, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kanyaga. Kama vyote viwili havisimami vimenyooka, safari iahirishwe.

NAMNA YA KUTEREMKA

Wazee wa kazi husema kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile uliyoupandia, au ndogo zaidi. Maneno hayo yana elimu ndani yake. Gia ndogo huifanya injini iyazuie magurudumu, na joto linalozaliwa huko hutoka kupitia rejeta na ekzosi, badala ya kukusanyika katika breki. Gia hiyo ichaguliwe kabla mteremko haujaanza, kwa sababu katikati ya mteremko huenda isiingie. Magari ya siku hizi yasiyo na klachi nayo yana nafasi ya gia ndogo; wenye nayo wengi hawajapata kuigusa tangu walipoyanunua.

Wako bado madereva wanaotoa gari katika gia, au hata kuzima injini, ili kuokoa mafuta. Mazoea hayo yalienea katika miaka ya shida ya mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na yamerithishwa kwa vijana ambao hawakuiona shida yenyewe. Katika injini za kisasa hayana hata faida hiyo, kwa kuwa gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta, mtambo huyafunga mafuta wenyewe. Kinyume chake, injini ikizimwa, breki hupoteza msaada wake na usukani huwa mzito.

Usikalie breki. Kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue, tuseme kutoka kilomita 30 hadi 20 kwa saa, kisha uachie kabisa ili hewa ipite na kupoza. Mguu unaoegemea pedeli kidogo kidogo njia nzima ndio unaochemsha yale madebe manne.

Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona pedeli imelainika au imeanza kushuka kuliko kawaida, usiseme “tumekaribia kufika chini.” Tafuta mahali penye nafasi, simama, weka kabari kwenye magurudumu, weka gari ndani ya gia, abiria washuke, mpumzike nusu saa na zaidi. Usimwagie maji dramu iliyo moto, kwa maana chuma hupasuka kama chungu. Hewa ya Uluguru ni baridi, haidai malipo, nayo hupoza vizuri kuliko ndoo ya maji.

USIKU WA MGETA

Sasa tuseme jamaa wamefika salama. Mizigo imeshushwa, uji umenywewa, wazee wamesalimiwa, na baridi imeanza kuingia kupitia kila upenyo. Wengine watalala nyumbani. Utingo na dereva huenda wakalala ndani ya gari, au chini ya turubai la tela, ili kulinda mali. Wote wanataka joto.

Moto wa kuni una moshi, nao moshi huo ni adui wa macho na mapafu, hatuusifu. Lakini una heshima moja. Moshi humwambia mtu atoke nje, au angalau afungue dirisha. Tena nyumba za zamani za kuezekwa kwa nyasi zilipumua kupitia paa. Nyumba zetu za leo zina bati, dari, madirisha ya vioo, na mlango uliowekewa kitambaa chini ili baridi isipite. Ndani ya nyumba hiyo huingizwa jiko la mkaa uliokwisha kushika vizuri, mwekundu, usio na moshi, na kila mtu akaridhika kwamba hauna madhara kwa kuwa haumkoholeshi mtu.

Hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Mtu aivutapo, huingia katika damu na kushika mahali pale pale panapobeba oksijeni, nayo hushika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, moyo huendelea kupiga, lakini mwili unakosa hewa ndani kwa ndani. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Aliyelala hasikii kitu. Usingizi wake huwa mzito zaidi, na hauishi. Watoto wachanga, wazee, na mama wajawazito pamoja na vichanga walio tumboni huathirika upesi kuliko wengine.

Wengi hufikiri kwamba kuacha dirisha wazi kidogo kunatosha. Hakutoshi kwa mtu anayelala. Jiko lililofunikwa majivu ili lidumu mpaka asubuhi ndilo baya zaidi, kwa sababu mkaa usiopata hewa ya kutosha huzidisha sumu hiyo. Na chumba kidogo ni hatari kuliko chumba kikubwa. Kwa hiyo kibini ya lori, au tela lililofunikwa turubai pande zote, ni pahali pabaya kabisa pa kuwekea jiko. Dereva aliyeshusha lori lake kwa uangalifu njia nzima aweza kuuawa na kijiko cha mkaa akiwa amesimama.

INJINI NA GESI

Wengine huacha injini ikiunguruma usiku ili wapate joto la gari. Ekzosi hutoa sumu ile ile. Kama ina tundu chini ya sakafu, au gari limeegeshwa penye ukuta au tope lililoziba bomba, sumu hupanda ndani. Jenereta nayo iwekwe mbali na nyumba, wala si barazani chini ya dirisha.

Katika nchi za baridi watu husafiri na nyumba za tela, zenye vitanda, jiko na mtambo wa joto. Mambo hayo yana historia ndefu; mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Stables, alizunguka nchi yake katika nyumba ya namna hiyo iliyovutwa na farasi. Wenye nyumba hizo wamejifunza kanuni ambazo nasi zatufaa. Mtambo wa joto wa kulalia huvuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba. Hukaguliwa na fundi. Jiko la kupikia halitumiwi kuotea. Na ndani huwekwa king'ora kinacholia hewa ya sumu inapozidi. Mtambo usio na bomba la kutolea nje haulali na watu.

Gesi ya mitungi, ambayo sasa imeenea katika nyumba nyingi za mijini, nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, pale pale mlipotandika godoro. Mpira na kiungo cha mtungi vijaribiwe kwa povu la sabuni, wala si kwa njiti ya kiberiti.

JOTO LISILOUA

Je, watu wagande? La. Jiko na liwashwe nje au jikoni, watu waote pamoja na kuzungumza mlango ukiwa wazi, kisha likitoka chumbani litoke kabisa kabla mtu wa kwanza hajalala. Blanketi mbili nyepesi hushinda moja nzito. Godoro liinuliwe kutoka sakafu ya saruji, au litandikiwe mkeka na maboksi chini yake, kwa kuwa baridi nyingi hutoka chini. Watoto walale pamoja, wavikwe soksi na kofia. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringwa kwa kitambaa ili isiunguze, ikiwekwa miguuni hudumu saa nyingi. Na mtu alale ameshiba, maana tumbo tupu halina moto.

Ikiwa mtu amekutwa amezimia penye jiko, fungua milango, mtoe nje mara moja, nawe usikae ndani ukipuliza mkaa uzime. Kama hapumui na wewe unajua kumpumulisha, fanya hivyo. Apelekwe kituo cha afya au hospitali hata kama amezinduka. Usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Sumu hii haiko tumboni, iko katika damu, na aliyepoteza fahamu aweza kupaliwa. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua kiasi cha saa nne hadi tano kutoa nusu tu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni kwa wingi, muda huo hupungua hadi kiasi cha saa moja au moja na nusu. Hiyo ndiyo sababu ya kumkimbiza hospitali.

NANI AULIZE?

Ndugu msomaji, yote tuliyoyaeleza hayahitaji mali nyingi. Mafuta ya breki, kabari mbili za mti na blanketi ya ziada havimshindi mwenye gari. Kinachoshinda nyumba nyingi ni kuuliza. Mama akisema, “Baba Asha, breki za tela zimekaguliwa?” huambiwa kwamba anamtilia mkosi msafiri. Abiria akimwomba dereva apumzishe gari, wenzake humcheka kuwa mwoga. Mgeni akimwambia shangazi yake kwamba jiko litolewe chumbani, huonekana amekuja na maringo ya mjini, na shangazi huona ukarimu wake umekataliwa.

Heshima ni jambo jema, lakini haikuwekwa ili watu wafe kwa kunyamaza. Mwenye gari aone kwamba anayeuliza juu ya breki anamsaidia kubeba dhamana. Mwajiri asimwambie dereva wake aongeze magunia mawili, halafu amlaumu kwa gurudumu lililoungua. Na mgeni aseme kwa upole, “Shangazi, tuote wote hapa nje, kisha unipe blanketi lako moja.” Shangazi atafurahi kuombwa, na jiko litakuwa limebaki nje.

Wanaosafiri wiki hii tunawatakia safari njema. Fundi aonwe kabla ya Ijumaa.